Fundi Kombo Alibanishwa

Mdogo wangu Faki,

Barua hii haianzi kwa kukujulia hali. Hali yako anaijua Aliyekuchukua, na salamu zangu huwa nazifikisha mwenyewe kaburini kila nipitapo njia ya shamba. Nakuandikia kukusahihisha. Nitaisoma barazani, nje ya msikiti, baada ya sala ya Ijumaa, watu wa Mgogoni wakiwa wamekaa, kwa sababu maneno ninayotaka kuyaondoa yalisemwa mbele ya watu hao hao siku ya hitima yako. Neno lililotolewa hadharani halirudishwi chumbani.

Najua ungecheka. Ulikuwa ukicheka kila nilipokusahihisha. Nilipomaliza chuo cha ualimu nilirudi nyumbani nikiwa siwezi kuvumilia neno lililopinda, na wewe ulikuwa kijana wa kupanda minazi, maneno yako yote ni ya kwetu. Siku moja tunakula, ukachungulia dirishani ukaniambia, "Kaka, kuna ntu anakuita." Nikakwambia si ntu, ni mtu, ngeli ya kwanza, mtu, watu. Ukatua tonge lako sahanini. "Haya kaka. Yule ntu kasimama juani, na huyo mtu wako bado hajafika. Nimwambie asubiri?" Mama alicheka hata akapaliwa. Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikamsikiliza yule mgeni, na niliporudi nyama yangu ulikuwa umeila.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, mimi na sarufi yangu, wewe na gari la Mzee wetu.

Gari lile watoto wa leo hulitazama kama wanavyotazama mzinga wa kale. Lori la Kiingereza, pua ndefu, bodi ya mbao iliyopakwa rangi ya kijani na nyekundu, mabenchi mawili marefu kwa abiria na nafasi ya magunia katikati. Mzee alibebea karafuu. Wewe ulibebea karafuu, muhogo, mbuzi, mabibi harusi, wagonjwa na maiti. Mzee alipofariki sikugombea chochote. Nilisema gari ni la Faki, kwa kuwa ndiye pekee ambaye Mzee alimruhusu kulikemea.

Sakafu ya mbele, pale unapoweka miguu dereva, nayo ilikuwa ya mbao. Pedali za magari yale hazining'inii kutoka juu kama za magari ya sasa. Zinatoka chini, zinapenya sakafuni: klachi, breki na ya mafuta. Kila moja inapita katika tundu linalofanywa na mbao mbili zinazokutana, nusu ya tundu katika ubao huu na nusu katika ubao wa pili. Mbao za kiwandani zilikuwa zimeoza tangu enzi za Mzee. Ulizibandika vipande vya bati na mkeka, na bado barabara ilionekana ikikimbia chini ya miguu yako.

Unakumbuka safari yetu ya Chake Chake, masika? Nilikuwa nakwenda kwenye mkutano wa walimu, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi na mke wangu kwa shida. Tuliingia katika dimbwi pale bondeni, na tope likaruka kupitia sakafuni likanipiga kifuani na kwenye miwani. Sikuona tena njia. Wewe ulikuwa umelowa mpaka magotini, na unacheka.

"Usikunje uso, kaka. Tope la kwenu hilo, halina ugeni."

"Gari hili ni aibu," nikakwambia.

Neno aibu lilikuingia. Kisha ukasema mbao zote za chini utampa Fundi Kombo wa Gando azifanye upya, kama zilivyotoka kiwandani na zaidi. Nikauliza, Kombo si fundi wa vyombo vya baharini? Gari ana habari nalo? Ukanijibu jibu ambalo sikuliona kasoro: "Huyo ntu anatengeneza kitu kinachokaa baharini mwezi mzima na maji hayaingii. Dimbwi la Mgogoni ndilo litakalomshinda?"

Nilikuwa nafundisha Unguja miaka ile, kwa hiyo kazi yenyewe sikuiona ikifanyika. Nilikuja likizo nikaikuta imekwisha. Ulinishika mkono kabla sijaingia ndani kumsalimu Bi Asha, mkeo, ukanipeleka chini ya lile banda la makuti ulilokuwa ukiliita gereji. Fundi Kombo alikuwa amekaa juu ya gogo na kikombe cha kahawa. Ulifungua mlango wa gari kama mtu anayefungua chumba cha maharusi. Mbao za mfenesi, za manjano, zimepigwa randa hadi zinang'aa. Pedali tatu zimetokeza kama zimeota humo humo. Ulichukua kata, ukachota maji mtungini, ukamwaga sakafuni. Maji yalitulia pale yakitutazama. Hapana hata tone lililokwenda chini.

"Chombo hicho, kaka! Nikikosa njia napita baharini."

Gari zima lilinuka sifa, yale mafuta ya papa ambayo mafundi wa vyombo hulowekea pamba ya kuzibia maungo. Nikasema, na nilijiona nimesema neno la maana, kwamba gari sasa linanuka sifa na mwenyewe naye ananuka sifa. Ulifurahi sana kwa neno lile. Ulilirudia kwa kila abiria.

Fundi Kombo alitabasamu, akasema, "Mwalimu, nduguyo kanifanya nishone gari." Wote tukacheka. Kushona ni neno la mafundi wa vyombo, na gari halishonwi. Nilidhani ni mzaha.

Masika iliyofuata ulikufa.

Sitaki kuyarefusha haya, maana Bi Asha atakuwa akisikiliza kwa dirisha la nyumba ya jirani. Mvua ilinyesha bila kukatika, gari lilikaa bandani, na kioo cha upande wako kilikuwa kimevunjika. Maji yaliingia ndani yakakaa juu ya sakafu, kwa kuwa ilikuwa sakafu isiyoruhusu maji kupita. Mbao zilikunywa. Mvua ilipopumzika ulipakia magunia ya muhogo ukatoka na utingo wako. Alivyotueleza utingo ni kwamba ulipofika juu ya mteremko ulikanyaga breki, na pedali haikushuka. Ulikanyaga kwa miguu miwili. Ulimwambia, "Ruka!" naye akaruka. Neno lako la mwisho alilolisikia, akiwa tayari yumo matopeni na gari limeshampita, lilikuwa "Haikanyagiki!"

Nimelifikiria neno hilo kuliko neno lolote nililopata kulifundisha. Hukusema "sikanyagi", wala hukusema "nimeshindwa". Ulitumia kauli ya kutendeka, kauli inayosema kwamba kasoro imo katika kitu, haimo kwa mtendaji. Mwanafunzi angelisema hivyo katika mtihani ningempa alama zote. Gari liligonga ukingo wa barabara chini ya mteremko, usukani ukakupiga kifua, na hukufikishwa hospitali.

Walipoitazama sakafu waliona sababu. Mbao zilikuwa zimevimba. Zilikuwa zimefungwa katika fremu ya chuma, hazina pa kutanukia ila ndani, kwa hiyo zilisogeleana pale zinapokutana, na pale zinapokutana ndipo palipo pedali, na breki ndiyo iliyobanwa zaidi. Zilikikamata chuma cha pedali kama meno. Ndiyo kanuni ya chombo: mbao zikinywa maji zinavimba, maungo yanafunga, watu wanafika salama. Kanuni ile ile iliyowafikisha watu wa Gando nyumbani kwao maisha yao yote ndiyo iliyokuua wewe kwenye mteremko wa Mgogoni.

Siku ya hitima Fundi Kombo alikuja. Alivaa kanzu safi, akavua viatu, akakaa mwisho wa jamvi kama akaavyo mtu asiyetaka kuonekana. Wali ulikuwa umeshawekwa. Mwanao mkubwa, Hamad, akainuka. Alikuwa kijana aliyekwisha kuoa, si mtoto, na kila mtu alimsikia.

"Kombo kambana baba," alisema. "Mtu huyu hali chakula cha hitima ya baba yangu."

Msomaji wa hitima akasema, "Hamad, kaa chini, mwanangu."

"Sikai. Na asikae yeye."

Fundi Kombo hakusema neno. Aliinuka, akavaa viatu vyake mbele ya watu wote, na viatu vile vilikuwa vya kufunga kamba, akainama akazifunga kamba zote mbili. Kisha akaenda zake kwa miguu. Hapana aliyemsindikiza.

Sentensi ile, "Kombo kambana baba", ilikuwa sahihi. Ina mtenda, ina kitenzi, ina mtendwa. Tuliiacha ipite, nayo ikaenda ikakaa Gando. Hapana aliyetangaza kwamba Kombo asipewe kazi. Watu walisema tu mkono wake mzito. Chombo kikivuja, wakasema si ajabu. Mtu akiugua baharini, wakauliza chombo cha nani hicho. Hamad akaongeza lake: kwamba fundi alifanya makusudi, kwa kuwa zamani mlikosana. Kosa gani mlilokosana, hakulijua. Neno makusudi lilipotiwa katika kisa, halikuhitaji ushahidi tena. Vijana walikwenda kujengesha kwingine. Fundi Kombo akawa anatengeneza vibao vya mbuzi vya kukunia nazi, na baadaye hata hivyo hakuna aliyevinunua. Kisha kikampata kiharusi.

Sasa nije kwenye yale usiyoyajua.

Hamad amelirudisha gari lako. Ameliinua chini ya banda, amefufua injini, amepaka rangi zile zile. Alitaka lipakie watoto Sikukuu, liwazungushe mpaka uwanjani kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Mimi nimestaafu, nimerudi nyumbani, na nilikuwa naketi naye bandani kumtazama. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka alipofika sakafuni. Mbao zile zilizokuua zilikatwa vipande siku ile ile kukutoa wewe, na za kiwandani hazipo tena popote. Alitaka mbao mpya zifanane na za asili. Alikata kielelezo cha karatasi ngumu, akakiweka, akakanyaga pedali, kikachanika. Akakata kingine. Akaleta ubao mpya kutoka Chake Chake, akautoboa. Pedali ya klachi ikapita, ya breki ikasugua. Akaupiga tupa, akajaribu tena, safari hii tundu limekuwa pana hata paka angepita.

"Ami," akaniambia, jasho linamtoka, "mbao hizi zina uchawi."

"Hazina uchawi. Pedali haiendi chini moja kwa moja, inakwenda kwa upinde. Tundu lako ni la mviringo, nalo linatakiwa liwe refu."

"Wewe mwalimu wa ngeli, haya umeyajua wapi?"

"Nina macho."

Akacheka. Akasema atafute kipande cha ubao wa zamani, uliokauka, afanyie majaribio asiharibu mpya. Akaingia jikoni kwa mama yake. Chini ya mitungi ya maji ya Bi Asha kuna mbao mbili zilizofunikwa kitambaa siku zote. Akaiondoa mitungi, akazichukua. Alipotoka nazo juani alisimama. Mbao zilikuwa na nusu matundu. Matatu katika ubao mmoja, matatu katika wa pili.

Aliziingiza garini. Zilikaa, Faki. Zilikaa bila kugongwa nyundo. Kila pedali ilipita katika tundu lake, refu kama linavyotakiwa, na kuizunguka kila pedali kulikuwa na mwanya wa upana wa kidole. Hamad alikanyaga breki, ikashuka na kurudi. Akaingiza kidole chake katika mwanya, akakizungusha. Ubavuni mwa ubao ilionekana bado ile mistari ya ngeu, wekundu wanaoupiga mafundi wa vyombo kabla ya kukata. Katika kisiwa hiki chote aliyeweza kukata mbao za gari kwa mistari ya chombo ni mmoja.

Tukamwita Bi Asha. Alikuja anajifuta mikono.

"Mama, hizi ni nini?"

"Mbao zangu za mitungi. Zirudishe."

"Nani kazikata?"

Alimtazama Hamad, akanitazama mimi, akakaa juu ya gogo. "Fundi Kombo. Hizo ndizo za mwanzo. Kazileta, kaziweka, na babako alipoiona ile mianya kamtolea maneno. Kamwambia, 'Hizi mbao au uzio? Hata kuku wangu watapita hapa.' Kombo kasema mianya lazima, na babako kasema, 'Kama umezeeka sema umezeeka, nitafute fundi. Nataka sindano isipite.' Watu walikuwapo, wakacheka. Basi Kombo kazing'oa, kaziacha hapa uani, kaenda zake na hasira, kaja na zile nyengine. Zile ndizo zilizobana."

"Mama! Na miaka yote hii?"

"Nilikuwa katika eda, Hamad. Nani aliniletea maneno yenu ya jamvini? Nilipotoka eda nikayasikia yamekwisha kuwa makubwa. Ningesimama nimseme mume wangu? Aliyekufa? Kwa mdomo wangu mimi?" Akajifunika uso kwa ukaya wake. "Nilimwekea mbao zake chini ya mitungi, zisitupwe. Ndilo nililoweza."

Hamad alikuwa bado ameketi katika kiti chako, mguu juu ya breki. Akasema, polepole, kama anayejishikilia mahali, "Hata hivyo aliyebana ni Kombo. Alijua, na akabana."

Hapo ndipo nilipomsahihisha mwanao. Nilimwambia hivi: "Kitenzi chako hakijatimia. Alibana ni kauli ya kutenda, na kauli hiyo inamtaja aliyeshika patasi peke yake. Kuna kauli nyingine, ambayo umeisoma kwangu darasa la sita. Alibanishwa. Kauli hiyo haikai bila mtu wa pili, na baada yake huja neno *na*. Malizia sentensi."

Alikaza mguu juu ya breki.

"Malizia, Hamad."

"Ami, usinilazimishe."

"Fundi Kombo alibanishwa na nani?"

Alisema, "Na baba." Kisha akaweka paji la uso juu ya usukani. Bi Asha aliinuka akaingia ndani, na tulimsikia akimimina maji kutoka mtungi hadi mtungi, bila haja yoyote.

Faki, mimi nami nikaukumbuka mzaha wa yule mzee na kikombe chake cha kahawa. "Nduguyo kanifanya nishone gari." Alitueleza waziwazi, kwa kitenzi chenyewe, na msomi wa vitenzi alikuwapo, akacheka.

Baadaye Hamad aliniuliza, "Mbona hakujitetea?" Tulikwenda Gando kulitafuta jibu.

Fundi Kombo yu kitandani. Upande wake wa kulia umekufa, na ulimi umekufa nao. Mkewe, Bi Riziki, alitukaribisha kwa adabu zote, akatutandikia mkeka, akaulizia hali za nyumbani moja baada ya moja, hata ya mbuzi. Kisha akamwambia Hamad, "Haya, mwambie ulilolijia. Kama anasikia mimi sijui. Jicho lake tangu maradhi haya halisemi ndiyo wala halisemi siyo."

Hamad alipiga magoti kando ya kitanda. Alimshika yule mzee mkono ulio hai. Akasema kila kitu, hata mbao za chini ya mitungi, hata uzio na kuku, hata viatu. Akasema, "Mzee wangu, nisamehe." Fundi Kombo alitazama dari. Mkono wake haukufinya, wala haukujivuta.

"Bibi," Hamad akasema, "mbona hakusema siku ile?"

"Nilimuuliza hilo alipofika hapa na vumbi lake. Kasema maiti hasemwi. Kasema yatima hawekewi la babake siku ya hitima, atasema yakipoa." Bi Riziki alirekebisha shuka miguuni mwa mumewe. "Hayakupoa."

"Basi nipe radhi, bibi."

"Yake anayo mwenyewe, na mdomo umefungwa."

"Nipe yako."

"Yangu sikupi."

Niliona ni wajibu wangu kuingia. Nikasema, "Bi Riziki, kijana amekiri, na kusamehe ni bora." Alinigeukia kwa heshima ile ile. "Mwalimu, na wewe ulikuwapo jamvini. Ulikula?"

Nilikuwa nimekula.

"Sikupi leo," akamwambia Hamad. "Mume wangu kafunga kamba za viatu mbele za watu, na hapana aliyemwambia kaa. Ukija tena nitakufungulia, mimi sina desturi ya kumfungia ntu mlango. Kahawa utakunywa. Radhi leo sina."

Amekwenda tena, na tena. Humpelekea Bi Riziki samaki, humchotea maji, humsaidia kumgeuza mzee kitandani ili mgongo usipate vidonda. Bi Riziki humshukuru kwa kila jambo, na radhi hampi. Gari liko tayari. Mbao zilizomo ndani ni zile za mwanzo, na breki inakanyagika. Lakini Hamad ameapa halitoki bandani mpaka aliyefukuzwa jamvini aseme, au mkewe aseme kwa niaba yake. Watoto wanakuja kulitazama, wanaligusa, wanaondoka. Nilimwambia kiapo hicho ni kizito. Akanijibu, "Na alichobeba yeye kilikuwa chepesi?"

Waliozuru juzi wanasema Fundi Kombo hali tena ila maji kwa kijiko. Nimezungumza na Hamad nikamwambia ajiandae kwamba huenda mdomo ule usifunguliwe hapa duniani. Alikuwa anafuta vumbi katika kioo, akaendelea kufuta.

Kwa hiyo nasema mbele ya watu hawa, wanisikie waliokuwapo na wasiokuwapo. Fundi Kombo wa Gando hakumuua ndugu yangu. Alikata mbao sahihi, akarudishiwa kwa matusi, akabanishwa na mwenye gari, ambaye ni ndugu yangu Faki, mtu mcheshi, karimu, niliyempenda kuliko watu wote wa rika langu, na ambaye kwa hili alikosea. Anayemtaja Kombo kwa kisa hiki baada ya leo ataje sentensi nzima au anyamaze.

Wewe radhi yangu unayo kamili. Niliitoa nilipokuteremsha kaburini kwa mikono yangu. Lakini anayeketi mlangoni kwa watu ni mwanao, na radhi anayoiomba si yangu kuitoa.

Mola akurehemu. Ikiwa mzee yule atafika huko kabla hajasema neno lake huku, utamjua hata katika umati, maana atakuwa peke yake. Inuka, umpe nafasi yako. Usimngoje. Safari hii wewe ndiye utakayeanza kusema.

Kaka yako.